Nani Analipa Saa ya Kuuliza?

Mama mwenye nyumba alitoa sarafu ya shilingi mia mbili kwenye pochi, akachuchumaa karibu na mlango wa sebule, akagonga marumaru ya kwanza. Ikalia kavu. Akasogea, akagonga ya pili, kisha ya tatu. Ya nne ikalia kama debe tupu. Akaendelea hivyo hadi katikati ya sebule, taratibu, bila kusema neno, nami nimesimama nyuma yake nimeshika kofia mkononi. Alipofika dirishani akainuka, akajishika kiuno.

"Fundi, umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Hiyo ilikuwa Tabata Kimanga, mwaka 2014. Kazi ilikuwa yangu, na ilikuwa na miezi mitano tu. Sebule ya mita tano kwa sita, marumaru za sentimita 60 kwa 60, themanini na tatu na vipande vya pembeni. Zaidi ya nusu zilikuwa zimeachia sakafu. Na sikuwa nimelipua kazi. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu ndilo lililoninyima usingizi. Mchanga niliuchekecha. Marumaru nililoweka usiku kucha kwenye pipa, kama fundi wangu alivyonifundisha Magomeni mwaka 1998. Nilivuta kamba, nikaweka pima maji kila mstari. Kila nilichofundishwa nilikifanya, na marumaru zikaachia.

Nilibandua zote kwa gharama yangu. Nyingi zilivunjika zikiwa zinatoka, kwa hiyo nikapanda daladala hadi Kariakoo, mtaa wa Gerezani, kununua nyingine. Kijana wa dukani, umri wa mwanangu wa kwanza, akaniuliza nachukua gundi mifuko mingapi. Nikamjibu kwamba saruji ninayo. Akaniangalia, si kwa dharau, akaligeuza boksi la marumaru na kuniwekea kidole kwenye maandishi madogo ya nyuma.

"Mzee, hizi ni poseleni. Hazinywi maji."

Nikakaa juu ya mfuko wa chokaa pale pale dukani, akanieleza. Marumaru za zamani, zile za seramiki tulizoanza nazo, mgongo wake una vitundu. Za ukutani zingine hunywa maji zaidi ya sehemu kumi katika mia ya uzito wake, yaani kilo moja inakunywa gramu mia na zaidi. Ndiyo maana tulikuwa tunaziloweka, ili zisinyonye maji ya mota, ule mchanganyiko wa saruji na mchanga, kabla saruji haijashika. Mota ya saruji hushika kwa kuingia kwenye vile vitundu na kugandia humo. Poseleni, kwa kipimo chake, hainywi zaidi ya nusu ya sehemu moja katika mia. Kilo nzima, gramu tano. Saruji haina pa kuingilia. Unahitaji gundi iliyotengenezwa kwa ajili hiyo, inayonata juu ya uso laini, na unaipaka sakafuni na mgongoni mwa marumaru pia, ili kusibaki uwazi. Kuloweka hakusaidii kitu. Kunaacha tu utando wa maji unaozuia kunata.

Fundi wangu hakunidanganya. Alichonifundisha kilikuwa sahihi kwa marumaru aliyoijua. Marumaru ndiyo iliyobadilika, na hakuna aliyetupigia simu kutuambia.

Tangu hapo nimekuwa nikihesabu vitu vilivyobadilika tangu nishike mwiko, na orodha ni ndefu kuliko nilivyodhani. Saruji tu: zamani ulikuwa unasema "mfuko wa saruji" na yamekwisha, leo mfuko una namba, 32.5 au 42.5, na ukitumia wa plasta kumwagia slabu umekosea hata kama mikono yako ni ya dhahabu. Mabomba ya chuma yamepisha ya plastiki yanayounganishwa kwa moto. Dari za mbao zimepisha jipsamu. Paa za kuficha, zile zinazojificha nyuma ya ukuta, zimeingia kila mtaa, Goba, Madale, Kigamboni, na kila masika napigiwa simu na watu ambao maji yanawashukia kitandani, kwa sababu fundi aliyezoea kupaua paa la mgongo alidhani mfereji wa ndani ni kazi ya kumalizia tu, wakati kwenye paa la namna ile mfereji ndio moyo wa kazi. Mafundi hao wana ujuzi. Ujuzi wao ni wa nyumba nyingine.

Lakini marumaru ikiachia, unabandua na kubandika upya. Zege halibanduki.

Mwaka 2017 nilipata kazi ya nyumba ya chini na juu Goba. Mhandisi aliyekuwa anaisimamia alituletea binti mmoja wa chuo aliyekuwa fildi, yaani mafunzo ya vitendo. Alifika asubuhi, buti zimemzidi mguu, kofia ngumu kichwani, akasalimia kila mtu kwa zamu. Siku ya kumwaga nguzo alisimama pembeni ya vijana waliokuwa wanachanganya, kama nusu saa hivi, kisha akanifuata.

"Shikamoo fundi. Samahani, maji mnapima kwa nini?"

"Kwa jicho, mwanangu."

"Mfuko mmoja umepata ndoo mbili. Nimehesabu mara nne."

Ndoo zetu ni zile za lita 20. Mbili ni lita 40. Binti akasema kwa upole kwamba mfuko wa kilo 50 ungetakiwa kupata lita 25 hivi, na pungufu ya hapo kama mchanga umenyeshewa, maana mchanga wenyewe umeshabeba maji. Nikamwambia kwamba zege la lita 25 haliteremki ndani ya nguzo, nondo zimebanana, vijana watachoka, na mimi kazi hii naifanya tangu yeye yuko darasa la awali. Nilisema kwa sauti, kwa sababu saidia fundi sita walikuwa wamesimamisha makoleo wanasikiliza.

Hakubishana. Aliomba makopo mawili matupu ya rangi ya lita nne. Moja akalijaza zege langu, lingine akachanganya mwenyewe kwa kipimo chake, akalishindilia kwa kipande cha nondo, tabaka kwa tabaka. Akachora kwa msumari alama juu ya kila moja. Tukayaweka chini ya mirunda, yakamwagiliwa maji pamoja na nguzo kwa siku saba. Mhandisi alipofika mchana aliagiza mashine ya kutikisia zege, ile vaibreta, na zege la lita 25 likateremka ndani ya nguzo kama kawaida. Kumbe tatizo la zege kutoteremka lina dawa yake, na dawa hiyo si maji.

Siku ya 28 tulichana makopo. Nikachukua nyundo ya kilo mbili mimi mwenyewe, sikutaka mtu mwingine anishikie. La kwangu nililipiga mara tatu, likapasuka vipande viwili. Nikakiinua kimoja karibu na macho. Ndani kulikuwa na vitundu, vingi, vidogo kama vya mkate, na kokoto zilikuwa zinang'oka kwa ukucha zikiacha shimo safi. Nilipopitisha kidole kikatoka na vumbi. La binti nililipiga hadi mkono ukafa ganzi. Liling'oka kona tu, na pale kona ilipong'oka, kokoto yenyewe ilikuwa imekatika katikati. Zege lilikuwa limeishika kokoto kwa nguvu kuliko kokoto inavyojishika yenyewe.

Mtu hawezi kusahau kitu cha namna hiyo. Kwa miaka 19 nilikuwa nawajengea watu kwa zege la vitundu.

Sababu yake ni rahisi kuieleza, na ndiyo inayoniuma, kwamba ni rahisi. Saruji haikauki kama nguo. Inaungana na maji na kugeuka jiwe. Kwa muungano huo wenyewe inahitaji maji ya kama robo ya uzito wake. Tunaongeza kidogo ili zege lifanyike kazi. Kinachozidi hapo kinabaki ndani kimekaa bure, kisha kinatoka polepole na kuacha nafasi yake wazi. Ukitoka lita 25 kwenda lita 40 kwa mfuko, nguvu ya zege inaweza kushuka karibu nusu, na kwa macho nguzo zote mbili zinafanana. Mwaka 1918 Duff Abrams, kule Chicago, alichapisha matokeo ya majaribio yaliyoonyesha kwamba uwiano wa maji na saruji ndio unaotawala nguvu ya zege. Habari hiyo ilinifikia mimi Goba baada ya miaka 99, imeletwa na binti wa fildi mwenye kopo la rangi.

Wakazi wa Dar es Salaam hawahitaji kuambiwa kwa nini haya ni mambo mazito. Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013 ghorofa lililokuwa linajengwa mtaa wa Indira Gandhi lilianguka, watu 36 wakafariki. Jumamosi asubuhi ya tarehe 16 Novemba 2024 jengo lingine likaanguka Kariakoo, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Si kazi yangu kusema chanzo cha lile wala hili, zipo mamlaka zilizochunguza. Ninachosema ni kwamba kila jengo linapoanguka, mimi hukumbuka lile kopo langu.

Sasa swali ambalo nimelibeba muda mrefu. Kwa nini nilikaa miaka 19 bila kumuuliza mtu maji ni kiasi gani? Wahandisi nilikuwa nakutana nao. Kuuliza ni bure.

Jibu la kwanza ni namna tulivyolelewa kwenye kazi. Fundi wangu alikuwa mzee wa watu, mkono wake ulikuwa wa ajabu. Alisimamisha nyumba za Kiswahili za vyumba sita na korido katikati ambazo hadi leo kuta zake ukiweka timazi hazijayumba. Lakini hakuwa mtu wa maswali. Ukimuuliza anakwambia, "Angalia mkono." Ukiuliza tena, unapelekwa kuchota maji. Tulijifunza kwa kuiba kwa macho. Njia hiyo inafaa sana kwa kile kinachoonekana: jinsi ya kushika mwiko, jinsi ya kurusha plasta ikanata, jinsi ya kusikia kwa kiganja kwamba tofali limekaa. Kisichoonekana, kama maji yaliyozidi ndani ya zege, hakiibiki kwa macho. Kisha ukishaitwa fundi, ukaanza kuwa na vijana wako, kuuliza mbele yao ni kama kuvua shati barabarani. Methali tunaijua sote kwamba kuuliza si ujinga. Kule saiti haifuatwi.

Jibu la pili ni pesa, na hili husemwa mara chache kwa sababu wanaozungumzia elimu endelevu kwa kawaida ni watu wa mshahara wa mwezi. Mtu wa mshahara akienda mafunzo ya siku tano, mshahara unaingia vile vile, pengine na posho juu. Saidia fundi wangu namlipa shilingi 20,000 kwa siku. Siku tano darasani ni laki moja ambayo nyumbani ilikuwa inasubiriwa, bado nauli, bado chakula. Na kuna hofu kubwa zaidi ya hela: nafasi yake saiti haimsubiri. Jumatatu hayupo, Jumanne kuna mwingine amechukuliwa pale kijiweni, Ijumaa anarudi na cheti na hana kazi. Kwa hiyo hata mafunzo yakitangazwa ni ya bure, kwa mtu wa kibarua si ya bure. Bei yake ni siku ya kazi, na siku ya kazi ndiyo kitu pekee alichonacho cha kuuza.

Tazama ngazi nzima ya watu wanaoijenga nyumba moja. Mhandisi aliyesajiliwa, bodi yake inamtaka aendelee kujisomea na kuhudhuria mafunzo ili abaki katika hadhi yake. Fundi umeme anahitaji leseni kutoka EWURA, mamlaka ya serikali ya kudhibiti nishati na maji, yenye daraja lake, na leseni ina mwisho. Mkandarasi yuko chini ya Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, na bodi ina kozi zake. Halafu unafika kwa yule anayemimina ndoo ya maji ndani ya zege. Huyo hakuna anayemdai chochote zaidi ya kuwahi asubuhi. Na mkono wa mwisho kugusa zege ni wake.

Ndiyo maana nimeacha kusema kwamba mafundi wa Dar hawapendi kujifunza. Nilikuwa nasema hivyo, na nilikosea. Wanapenda. Nenda viwanja vya Sabasaba mwezi wa saba uone wanaume wenye vidole vilivyopasuka kwa saruji wanavyosimama saa nzima mbele ya mtu anayeonyesha namna ya kuunga bomba. Fungua simu zao: video za wajenzi wa India, wa China, wa Naijeria, usiku, kwa bando la kuunga-unga. Video ni msaada mkubwa, mimi mwenyewe nilijifunza kukata marumaru kwa nyuzi 45 kutoka humo. Upungufu wake ni kwamba haikujibu. Haijui kama mchanga wako umetoka mtoni au ufukweni, na hapa kwetu, mji ulioshikana na bahari, swali hilo ni kubwa. Mchanga wa bahari una chumvi, chumvi inaamsha kutu kwenye nondo, kutu inavimba na kulipasua zege kutokea ndani. Huyo wa kwenye video alikuwa kilomita elfu moja kutoka pwani, hakuwa na sababu ya kulitaja.

Tuje kwenye upande wa mwenye biashara, maana ni mimi huyo pia, na huko nilikuwa mjinga kuliko kwenye zege.

Mwaka 2016 nilikubaliana ufundi wa nyumba Kigamboni kwa bei ya jumla, kutoka msingi hadi lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Nilitaja bei kwa kuangalia kiwanja na kumwangalia mwenye nyumba. Kazi ikaisha vizuri, mwenye nyumba akafurahi, akalipa yote, nami nikarudi nyumbani nikiwa nadaiwa na watu wawili. Sikuelewa hela imepitia wapi. Mke wangu ni mweka hazina wa kikoba chao. Kila Jumapili wanawake 25 wanaweka hisa, wanakopeshana, na mwisho wa mwaka wanagawana hadi shilingi ya mwisho inaonekana. Alileta daftari jipya la kaunta, akachora mistari, akaniambia nitaje kila kilichotoka. Nauli ya pantoni. Chakula cha vijana. Karai mbili zilizopasuka. Siku nne za mvua ambazo vijana walikuja, hawakufanya kazi, nikawapa hela ya kula. Simu. Alipomaliza kujumlisha akanyamaza kidogo.

"Baba, mshahara wako wewe uko mstari gani?"

Haukuwepo. Nilikuwa nimefanya kazi wiki saba nikijiona bosi, na kwenye hesabu nilikuwa mtu wa kujitolea.

Kuanzia hapo nikaanza kujifunza kupiga bei, polepole, kama mtoto anayejifunza herufi. Mfano mmoja tu. Slabu ya mita kumi kwa nane, unene sentimita 15, ni mita za ujazo 12. Zege la moja kwa mbili kwa nne, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, linakula mifuko sita na kidogo kwa kila mita moja ya ujazo. Unapata mifuko 76 hivi, unaongeza kidogo ya kumwagika. Zamani nilikuwa namwambia mteja, "Lete mifuko mia kwanza tuone." Sasa namwonyesha karatasi. Mteja anayeonyeshwa karatasi hakuhesabii tena mifuko mitupu jioni akidhani umeuza ya kwake, na mimi mwenyewe najua tukimaliza slabu hiyo kwa mifuko 60 tu, kuna kitu kimepunjwa mahali na hakuna wa kusherehekea. Hesabu ya biashara na usalama wa nyumba nimekuja kuona ni daftari moja.

Mwaka 2019 nilikwenda VETA Chang'ombe, chuo cha ufundi cha serikali, kuuliza habari ya kurasimisha ujuzi, ule utaratibu wa watu kama mimi tuliojifunzia kazini. Hawakuanzishi upya. Wanapima ulichonacho, kwa maswali na kwa mikono, wanakuonyesha pengo lako, unalijaza, unapata cheti. Kwenye kujenga sikupata shida. Pengo langu lilikuwa kusoma ramani. Miaka yote hiyo nilikuwa naisoma ile ya juu, yenye vyumba, na ile ya mkato, inayoonyesha nyumba kama imekatwa kwa wima, naipita, naulizia kwa mhandisi kimo cha lenta kama vile nimesahau miwani. Nilijifunza nikiwa na miaka 41, nimekaa dawati moja na vijana waliomaliza kidato cha nne juzi. Sijutii hata saa moja. Cheti chenyewe kina faida zake. Anayetaka kutoka ufundi na kuingia ukandarasi, hata daraja la saba ambalo ndilo la chini, ataulizwa karatasi za watu wake. Na zabuni za serikali siku hizi zinapita kwenye mfumo wa mtandaoni wa NeST, ambako sheria inataka asilimia 30 ya manunuzi itengewe makundi maalumu, wakiwemo vijana na wanawake. Kikundi cha mafundi vijana wanaojua kazi na kuogopa kompyuta kitabaki kusikia kwamba fursa ipo.

Mambo haya yote, gundi, maji, daftari, ramani, yalinifikia kwa sababu kuna mtu alikubali kunipa saa yake. Kijana wa duka, binti wa fildi, mke wangu, walimu wa Chang'ombe. Nikaanza kujiuliza vijana wangu wataipata wapi saa hiyo, na nani ataigharamia. Wao hawawezi. Mwenye nyumba hawezi kuombwa. Nimebaki mimi.

Kwa hiyo Jumamosi tunasimamisha kazi nusu saa kabla ya muda wa kutoka, tunakaa chini ya kivuli, na nusu saa hiyo iko ndani ya malipo. Tuko tisa. Masharti ni machache: anaanza kuuliza mdogo kuliko wote, hakuna kumcheka mtu, na kama sijui nasema sijui, naleta jibu wiki inayofuata. Hilo la mwisho liliwashangaza kuliko yote. Jumamosi ya kwanza hakuna aliyefungua mdomo. Ya tatu, kijana mmoja kutoka Lindi, saidia fundi mwenye miezi miwili, akauliza kwa nini tunapoteza muda kuweka biskuti chini ya nondo wakati zege litazifunika tu. Alikuwa ameziweka biskuti mamia kwa mkono wake, vile vipande vidogo vya zege, bila kujua ni vya nini. Nikamweleza kwamba nondo ikilala juu ya mbao za fomu haina zege chini yake, hewa na unyevu vinaifikia, na kwa upepo wa bahari wa hapa haichukui miaka mingi dari linaanza kudondosha maganda. Jumatatu yake nilimkuta anarekebisha biskuti zilizoteleza, hakuna aliyemtuma. Kazi ile ile, mtu yule yule, mshahara ule ule.

Wenzangu wenye vikosi vyao huniambia, ukimfundisha ataondoka. Ni kweli, wawili wameondoka. Mmoja ana kazi zake Chanika, na akipata ya marumaru kubwa ananipigia tusaidiane. Mwingine hanipigii. Nyumba anazojenga, popote zilipo, zina biskuti chini ya nondo, na ndani yake wanalala watoto wa watu. Siwezi kujilazimisha kuona hilo kama hasara.

Wiki mbili zilizopita kijana wa Lindi aliuliza kwa nini ngazi nyingine zinachosha na nyingine hazichoshi, hata kama ghorofa ni moja moja. Nilijua kimo cha kidato tunachotumia, sikujua kwa nini. Nikampigia yule binti wa fildi; sasa ni mhandisi, yuko Dodoma. Akacheka kwanza kwa kunisikia, tukasalimiana, kisha akaniambia: vimo viwili vya kidato ukijumlisha na kina kimoja, pale mguu unapokanyaga, viangukie sentimita 60 na kidogo, ndiyo hatua ya mtu, na vidato vyote vilingane, kwa sababu mguu ukishapanda viwili vya kwanza unakariri, hauangalii tena.

Nikampa kijana jibu hilo Jumamosi. Jumatatu akaja na kipande cha karatasi ya mfuko wa saruji kimekunjwa mara nne. Jumapili alikwenda kwa dada yake Ilala, anakopanga ghorofa ya pili, akachukua futi kamba na kupima ngazi nzima, kidato kimoja kimoja, vyote kaviandika kwa penseli ya seremala. Vimepangana vizuri hadi cha mwisho. Cha mwisho kimewazidi wenzake sentimita mbili na nusu. Dada yake, kumbe, ameshajikwaa pale mara tatu, mara moja akiwa na mtoto mgongoni, na siku zote alidhani ni haraka zake.

Kijana anataka kujua kidato kama kile kinarekebishwaje bila kubomoa ngazi yote. Tumekiweka Jumamosi hii.